Amerikani ya jora kutoka Biashara Street: tathmini ya kitambaa na jina lake

Kwa wenye haraka: nunueni ile nzito, nunueni kwa jora mkiweza, na msikate hata kipande kabla hamjaifua. Kwa kudarizi sijapata kitambaa kinachoishinda amerikani, na bei yake mtu wa kipato cha kawaida bado anaimudu. Waliobaki tukae tuzungumze, maana hiki ni kitambaa ambacho ukijua jina lake lilikopita, unajua pia jinsi ya kukinunua bila kuibiwa.

Mimi ni fundi wa kudarizi hapa Mombasa. Nashona vitambaa vya meza na vya makochi, foronya, mapazia ya jikoni, mikoba ya sokoni, na siku hizi aproni za mikahawa. Nina wanafunzi pia, wasichana waliomaliza shule na akina mama wawili watatu wanaotaka kazi ya mkono, na kitambaa cha kwanza kushika kwangu ni amerikani. Kwa wasomaji wa Tanzania, hicho ndicho mnachokiita marekani, na katika vitabu vya zamani mtakikuta kimeandikwa merikani. Ni pamba tupu, imefumwa ufumaji wa kawaida kabisa, uzi mmoja juu mmoja chini, ikatoka kiwandani bila kung'arishwa kwa dawa wala kutiwa rangi. Ndiyo maana ina ile rangi ya maziwa yenye malai, na ukiitazama kwa karibu utaona vichembe vya kahawia, mabaki ya maganda ya mbegu za pamba. Vichembe hivyo si uchafu. Mimi nikivikosa ndipo naanza kuwa na wasiwasi.

Msiichanganye na bafta. Bafta ni nyeupe, nyembamba, imesafishwa, na ndiyo tunayoshonea sanda. Wauzaji wachanga siku hizi huzichanganya, na nimeona mtu akiuziwa bafta ya manjano kidogo iliyokaa dukani muda mrefu akaambiwa ni amerikani.

Duka ninalonunua liko Biashara Street, katikati ya maduka ya leso. Ni jembamba na refu, na meza yake ya mbao imelainika kwa kusuguliwa na nguo. Ukingoni mwa meza pamepigiliwa chuma cha yadi moja, ingawa mzee siku hizi anapima kwa mita. Ukimtajia amerikani hakuulizi nchi wala kampuni. Ana swali moja tu.

"Nzito au nyepesi, binti yangu?"

"Nzito, mzee wangu. Lakini naomba niishike kwanza."

"Ishike, ishike. Nguo hainunuliwi kwa macho."

Akalishusha jora kutoka juu, akalibwaga mezani, akafungua mikunjo mitatu minne. Hapo ndipo kazi ya mnunuzi inapoanza, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo itakayowaokolea pesa.

Kwanza nilishika ncha ya kitambaa kwa mikono miwili, nikakisugua kwa nguvu juu ya buibui langu. Buibui ni jeusi, kwa hiyo ungaunga mweupe ukianguka unaonekana mara moja. Unga huo ni wanga. Vitambaa vingi vya pamba vinavyofumwa kwa mashine hupakwa wanga kwenye nyuzi za mtande, zile za urefu, zisikatike, na wanga kidogo hauna neno. Lakini kuna kitambaa ambacho nusu ya uzito wake unaousikia mkononi ni wanga mtupu. Ukikifua mara moja, unabaki na kitu kama chandarua. Cha mzee kilidondosha vumbi kidogo sana, kisha kikaacha.

Pili nilikiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Ufumaji uwe sawa kote, usiwe na sehemu zilizobanana na nyingine zenye mianya. Hapa nilikuta kasoro mbili ndogo, uzi mnene uliojikunja kama fundo, na mzee mwenyewe akanionyesha ya tatu ambayo sikuiona. Alama hiyo nampa.

Tatu, moto. Nilichomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, ule unaokingama, mzee akaniwashia kiberiti bila kununa. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ya kijivu, yanapeperuka ukiyagusa. Nyuzi zote mbili ziliungua hivyo. Mapema mwaka huu, katika duka jingine la hapahapa mjini, nilinunua mita kadhaa zilizoandikwa amerikani kwa wino mkubwa. Nyumbani nilipochoma uzi wa mshindio uliyeyuka, ukajikusanya ukawa shanga nyeusi ngumu. Ilikuwa poliesta iliyochanganywa na pamba. Nilipoirudisha walikataa kuipokea, wakisema amerikani ni jina tu la kitambaa cha rangi hiyo. Jibu lile liliniudhi kwa wiki nzima, kwa sababu amerikani haijawahi kuwa jina la rangi, na maneno kama hayo ndiyo hulifanya jina zuri lipoteze kazi yake.

Jina hili lilianzia baharini. Mwaka 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, kule Maskati, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem jimbo la Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa nchi yake. Meli za Salem zilikuwa zimeshaanza kutia nanga Unguja kabla ya mkataba huo. Zilileta majora ya pamba kutoka viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi ile ya utomvu wa miti, ngozi na karafuu. Mwaka 1840 Sayyid Said naye alituma meli yake, Sultana, hadi New York, ikiongozwa na Ahmad bin Naaman, na picha ya Ahmad iliyochorwa kule ingalipo. Watu wa pwani hawakuwa na haja na majina ya viwanda. Waliiita nguo kwa jina la watu walioileta, ikawa merikani.

Ilipendwa kwa sababu ileile inayonifanya niipende mimi. Ilikuwa nzito, haikujazwa wanga, na ikifuliwa ilibaki nguo. Viwanda vya Uingereza vilipoona soko vikaanza kuiga, na vitambaa vyepesi vya kutoka Ulaya vikapata jina lao, ulaiti. Fungueni kamusi za zamani mtaona ulaiti imeelezwa kuwa ni kitambaa chembamba, duni kuliko merikani. Kwa hiyo mnunuzi wa Bagamoyo au Tabora miaka 150 na zaidi iliyopita alikuwa na swali lilelile alilonalo mzee wa Biashara Street, nzito au nyepesi, na alikuwa na majina mawili tofauti ya kuulizia. Sisi tumebaki na jina moja, tukaongeza kivumishi.

Nataka pia kulisema jambo moja kwa sauti, kwa sababu linasemwa vibaya hata na watu wetu. Merikani haikuwakuta watu uchi. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta wanafuma nguo zilizouzwa hadi Misri. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi. Ufipa na Unyamwezi, bara ya Tanzania ya leo, palikuwa na mafundi wa kufuma pamba kwa mikono, na nguo za Gujarati na Kachi zilikuwa zikija kwa jahazi karne nyingi. Merikani iliingia sokoni ikazishinda kwa bei nguo nyingi kati ya hizo, na ufundi wa kienyeji ukadhoofika. Nikiwa fundi, hilo linaniuma.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayowasimulia wanafunzi kila mara tunapopima kitambaa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa Unguja akijitayarisha kwenda bara kumtafuta Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Scotland. Akauliza wanaojua njia, atahitaji nini kuwalisha watu 100? Akaambiwa doti 10 za nguo kwa siku, doti ikiwa kipimo nitakachokieleza hapa chini. Basi akapanga kununua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, ile nguo iliyochovywa kwenye nili, na doti 650 za vitambaa vya rangi. Jumlisheni hapo, mtapata 3,650. Ni doti 10 kwa siku kwa siku 365, haibaki hata moja. Yeyote anayepanga bajeti ya nyumba mwanzo wa mwezi anaijua hesabu hiyo. Yale majora yalikuwa unga, maharage, kuku na mayai ya mwaka mzima, yamefungwa kwa kamba na kupandishwa mabegani mwa wapagazi, kila mzigo kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30 kwa mtu mmoja.

Merikani, basi, ilikuwa fedha. Na fedha ikiwa nguo, vipimo vya nguo vinakuwa vipimo vya fedha. Mkono ulikuwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka. Shuka mbili zilikuwa doti, karibu yadi nne. Juu ya doti kulikuwa na jora. Leo shuka tunatandika kitandani, na ndugu zetu Wamaasai wanalivaa begani. Doti tunaitumia kwenye leso, vipande viwili ambavyo havijakatwa. Jora lingalipo dukani. Nikimwambia mzee "nipimie" huku nikinyoosha mkono kuonyesha urefu wa kitambaa cha kochi, ananielewa bila futi kamba.

Njia hiyohiyo ya misafara ilitupa maneno mengine ambayo hakuna anayeyahusisha na nguo tena. Kupita Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, kulihitaji kulipa hongo kwa mtemi wa kila sehemu, na hongo ilihesabiwa kwa doti. Ilikuwa ada ya njia, ya wazi, inayojadiliwa hadharani hata siku mbili tatu. Leo hongo ni ile inayopitishwa chini ya meza. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, na kwenye safari ndefu alipewa kipande cha nguo akajinunulie mwenyewe. Leo wabunge wanalipwa posho, na Uganda ukiagiza posho unaletewa ugali.

Na merikani yenyewe haikuwa nguo tu. Katika biashara hiyohiyo palikuwa na shanga nyeupe zilizoitwa merikani. Stanley anaeleza kwamba zilikubalika Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Ukonongo hazikutakiwa. Shanga nyeusi, zilizoitwa bubu, zilipokelewa Ugogo, kwingine zikadharauliwa. Wafanyabiashara wa pwani walilazimika kujua kijiji kipi kinataka rangi ipi, na aliyekosea alibeba mzigo usionunua hata yai. Huwa nafurahi nikisoma hivyo, maana unaona wazi kwamba watu wa bara hawakuwa wakipokea chochote walicholetewa. Walichagua, walipima, walikataa. Walikuwa wanunuzi hodari kuliko wengi wetu tunaoingia dukani tukatoka na poliesta.

Lakini uzuri wa kitambaa hiki siwezi kuusifu nikanyamaza juu ya mikono iliyokitengeneza. Pamba iliyolishwa kwenye viwanda vya Massachusetts ilivunwa kusini mwa Marekani na watumwa wenye asili ya bara hili letu. Ikafumwa kaskazini, ikapakiwa Salem, ikavuka bahari mbili, ikashushwa Unguja, ikapanda bara, na huko ikanunua pembe za ndovu na, katika njia zilezile, watu. Hapa pwani pia watumwa walivikwa merikani isiyotiwa rangi, na wanawake waliichovya kwenye nili ikawa kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani yetu hii mwaka 1907, wanawake walioachwa huru waliikimbilia kanga yenye rangi na maua, wakaiacha merikani na kaniki kwa kazi za shamba. Ndiyo maana mpaka leo wapo wazee ambao ukiwapa gauni la amerikani tupu, hata likiwa limeshonwa vizuri namna gani, hawalivai. Mteja wangu mmoja wa Mji wa Kale aliniambia waziwazi, "Mwanangu, nitilie maua, nitilie rangi yoyote, lakini usinivishe hivi hivi." Nilimtilia maua mekundu shingoni na kwenye mikono yote miwili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na majora ya Salem yakapungua Unguja. Nguo za Uhindi na Uingereza zikaziba pengo. Vita vilipoisha mwaka 1865 Wamarekani hawakulirudia soko lao kwa nguvu ile ya mwanzo. Lakini wafanyabiashara walishajua kwamba mnunuzi anataka merikani, kwa hiyo viwanda vya Bombay vikafuma merikani. Katika miaka ya 1920 na 1930 Japani ikauza merikani kwa wingi Afrika Mashariki nzima. Jina likaachana na nchi yake moja kwa moja. Likabaki kuwa jina la namna ya kufuma, pamba tupu, nzito, isiyong'arishwa. Baada ya uhuru tukajifumia wenyewe, Kisumu, Thika na Eldoret kwa upande wetu, Dar es Salaam, Mwanza na Musoma kwa jirani. Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia upande wa Kilifi, anasema gauni lake la kwanza la shule lilikuwa la amerikani, limeshonwa kwa mkono, na pindo lake lilikuwa refu makusudi ili lishushwe kila anapokua.

Jora nililonunua safari hii lilikuwa na muhuri wa wino wa samawati kwenye ncha. Limetoka India. Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia jina akauliza, "Mwalimu, hii imetoka Marekani kweli?" Nikamwonyesha muhuri. Kwa watoto wa umri wake Marekani ni nchi tu, ile ya kwenye habari na mpira wa kikapu, na amerikani kwa herufi ndogo ni neno wanalolisikia kwangu kwa mara ya kwanza. Kitabu cha sayansi kimu walichosomea kiliandika "kaliko", neno lililotoka Kalikati, mji wa bandari kule Uhindi, ambako nguo hizi zilitoka zamani kabla hata Marekani haijawa nchi.

Turudi kwenye kufua. Nilikata mraba wa sentimita 100 kila upande, nikauchemsha kwa sabuni ya mche na magadi kiasi, nikauanika kivulini, nikaupiga pasi ukiwa na unyevu. Urefu ulirudi kwa sentimita 7, upana kwa sentimita 3. Hiyo ni kawaida kwa amerikani halisi, kwa sababu nyuzi za mtande huvutwa sana kwenye mashine na zikipata maji ya moto hujirudia. Ndiyo sababu ya kusema fueni kabla ya kukata. Anayeshona pazia kabla ya kufua atalikuta limepanda juu ya dirisha.

Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia hafifu. Msiogope, ni nta ya pamba na wanga. Kabla ya kuchemsha nilidondosha tone la maji kwenye kitambaa, likakaa juu likizungukazunguka. Baada ya kuchemsha tone lilinywewa papo hapo. Jaribio hili ni muhimu sana kwa wanaotengeneza batiki au kutia rangi ya kuchovya. Tone likikaa juu, rangi nayo itakaa juu, na itachuja kwenye ufuaji wa pili. Chemsheni tena mpaka kitambaa kinywe.

Kwa kudarizi, baada ya ufuaji huo, sina lawama hata moja. Penseli inaandika vizuri na inatoka kwa sabuni. Sindano inapita bila kulazimishwa. Kitambaa hakitelezi kwenye pete ya mbao, na kikivutwa kinabaki kimekaza. Na hili ndilo la thamani kuliko yote kwa wanaojifunza: ukifumua, tundu linajifunga. Nyunyiza maji, piga pasi, anza upya. Nimewaona wasichana wakifumua waridi lilelile mara tatu, na la nne likakaa kana kwamba halijawahi kuguswa. Poliesta haikupi nafasi hiyo, tundu ukilitoboa ni la kudumu.

Kwa mikoba ya sokoni ile nzito inafaa ikishonwa mara mbili. Kwa aproni ni nzuri mno, kwa kuwa inavumilia kuchemshwa. Kwa foronya inahitaji kufuliwa mara kadhaa ndipo ilainike. Kwa kanzu siishauri, inakunjamana na ni nzito kwenye joto letu. Nguo za kitoto pia ngojeni mpaka iwe imefuliwa sana.

Adui yake hapa pwani ni unyevu. Ukiihifadhi kwenye kabati lisilopitisha hewa msimu wa masika, itatoka na madoadoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki kwa sabuni ya kawaida. Wanga uliobaki pia huwavuta mende, wakautafuna na kitambaa chake. Mimi nikinunua jora nalichemsha lote kwa vipande vya mita tano tano, nakausha kabisa, ndipo nahifadhi. Ni kazi ya siku nzima, na mgongo unauma, lakini sijapoteza kitambaa tangu nianze kufanya hivyo.

Bei: ile nzito ni shilingi 220 kwa mita, upana sentimita 150. Nyepesi ni 140. Kwa jora zima mzee alinishushia nzito hadi 200 kwa mita. Zamani jora lilijulikana ni yadi 30, siku hizi kila kiwanda na urefu wake, kwa hiyo liulizeni kabla ya kupatana bei, na lipimwe mbele yenu. Ukilinganisha na linani au hata popilini nzuri, hakuna kitambaa cha pamba tupu utakachokipata kwa bei hiyo.

Duka lenyewe lina upungufu wake. Haliandiki kwenye jora kama ni pamba tupu au la, unamtegemea mzee akuambie, na mzee akiwa hayupo kijana aliyepo hajui. Mkunjo wa katikati wa jora unashika vumbi, kwa hiyo ombeni kufunguliwa hadi ndani muone kama kuna mstari mchafu. Shule zikikaribia kufunguliwa ile nzito huisha, na hawaweki oda. Lakini malipo ya M-Pesa wanapokea, kasoro wanazionyesha wenyewe, na kiberiti wanakuwashia.

Kitambaa nakipa tano juu ya tano kwa kudarizi, nne kwa vitu vya nyumbani, mbili kwa mavazi. Duka nalipa nne. Ijumaa linafungwa adhuhuri kwa ajili ya swala na kufunguliwa alasiri, na Jumamosi asubuhi pamejaa wanunuzi wa leso hata nafasi ya kutandaza kitambaa hakuna. Nendeni Jumanne au Jumatano mapema, mvae kitu cheusi cha kusugulia, na mwombe jora la chini kabisa kwenye rundo, ambalo jua la mlangoni halijalifikia.